Mgando Nilioutupa kwenye Ndoo

Ninyi vijana mnaoingia maabara sasa, mliosoma vyuoni na mnaovaa koti jeupe tangu siku ya kwanza, kaeni kidogo mnisikilize. Shikamoo zenu nimezipokea miaka mingi, marahaba, lakini shikamoo haisafishi kioo cha hadubini. Daktari Neema kaniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, mkono wangu mzito. Akasema, "Andika hivyohivyo Bibi, kazi ya kusoma ni yao." Basi naandika. Nimechoka, macho yananiwasha na magoti hayataki tena ngazi, kwa hiyo jambo nitalisema mara moja tu.

Kazi yangu ilikuwa maji ya wanyama. Nasema yale maji yanayojikusanya mahali pasipotakiwa kuwa na maji: ndani ya kifua cha paka, ndani ya tumbo la mbwa, mara mojamoja mbuzi. Mnyama analetwa amevimba, au anahema kama aliyekimbizwa. Daktari anachoma sindano, anayavuta yale maji, yanakuja maabara. Sisi tunatazama mna seli ngapi na za namna gani. Zikiwa chache, pengine ni moyo au ini limechoka na maji yamevuja tu. Zikiwa nyingi, humo ndani kuna vita, na lazima ujue nani anapigana. Dawa inafuata jibu. Ukitoa jibu la uongo, dawa nayo inakwenda nyumba isiyo yake.

Nitawaambia habari za paka wa Bi Shufaa. Ni yeye aliyenifanya nikubali kushika kalamu. Lakini kwanza mjue tulikuwa tunafanyaje kazi, la sivyo hamtaona nilipokosea.

Kliniki yetu ipo Kariakoo, mtaa wa ndani, ghorofa ya kwanza, chini yake duka la sufuria la Mzee Urio, Mchaga mmoja mwenye sauti kubwa na mbwa mkubwa zaidi. Mimi niliingia pale kufagia. Mtu wa maabara alikuwa Mzee Mkude, mwembamba, hacheki, mkali kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Siku moja nilikuwa nafuta meza yake, nikainama nikachungulia kwenye hadubini. Akaingia. Nikajua leo nafukuzwa.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona choroko zilizomwagika."

Akanisogeza, akatazama mwenyewe. "Na zile kubwa?"

"Zile kama njugu mawe."

Kesho yake akanituma sokoni nikanunue choroko, kunde, mbaazi, njugu mawe na dengu, kila kimoja kiganja kimoja. Nilidhani anataka kupika. Kumbe alikuwa ananianzisha shule.

Choroko zilikuwa askari, zile seli nyeupe zenye kiini kilichokatikakatika, zinazokimbilia kwenye uchafu na usaha. Kunde ni zile ndogo za duara. Mbaazi ni wafagiaji, wanaomeza takataka. Njugu mawe ni seli za ukuta, zile zinazotandika kifua na tumbo kwa ndani, ambazo maji yakikaa sana zinavimba na kubanduka na kujifanya vitu zisivyokuwa. Ukiona seli moja kwenye kioo, unaweka punje moja kikombeni, mpaka zitimie mia. Kisha unahesabu kila kikombe.

"Na dengu?" nikamuuliza.

"Dengu ni kwa zile usizozijua. Dengu zikizidi, unaniita. Usiibatize seli jina kwa sababu una haraka."

Ndivyo nilivyohesabu kwa miaka. Kariakoo nzima wakaniita Bibi Kunde hata kabla sijapata mjukuu. Nilikasirika mwanzo, kisha nikachoka kukasirika.

Siku moja nilimaliza kuhesabu maji ya tumbo la Bosi, yule mbwa wa Mzee Urio. Vikombe vitano vimepangwa dirishani, na adhuhuri imeingia. Nikaenda kuswali. Kurudi, vikombe vitupu, vimeoshwa, vimeinamishwa. Nikatoka nje. Pazi, mlinzi wa jengo, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko lake la mkaa, anakoroga.

"Pazi, umeona punje zangu?"

"Zile za dirishani, Mama? Nilidhani umeniwekea. Nimezitia kwenye mahindi."

Palepale Mzee Urio akapanda ngazi. "Bibi Kunde, majibu ya Bosi yametoka?"

"Yanachemka," nikamwambia.

Mzee Mkude alisikia. Hakucheka, lakini alinyoosha mkono akaniwekea kile kioo mbele yangu. "Hesabu tena. Na ulishike hili: hesabu ikipotea, kioo kipo. Kioo kikivunjika, sampuli ipo. Sampuli ukishaimwaga, umebaki na mdomo." Nikahesabu tena. Pazi alishiba, na Bosi alipata jibu lake.

Maneno yale niliyajua kwa moyo. Kuyajua kulinisaidia nini, mtaona.

Sasa haya mengine ni ya mikono, yashikeni. Maji ya kuhesabu yaingie kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, maana ndani yake mna dawa ya kuzuia kuganda. Nyekundu haina dawa hiyo, maji yakikaa yanaganda. Ukishatia, geuza tyubu taratibu, juu chini, juu chini, kama unayembembeleza mtoto aliyekaribia kulala. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, seli zitapasuka, na seli iliyopasuka haina ushahidi. Umeme ukikatika na friji likapata joto, usiilaze tyubu juu ya barafu. Nilifanya hivyo mara moja, nikaomba barafu kwa wauza samaki wa Magogoni waliokuwa wanapita na ndoo, nikaona nimekuwa hodari. Seli ziliganda zikavunjika, tukabaki na tope. Kunja kitambaa, weka kati ya barafu na tyubu.

Na kioo kipakwe mapema, maji yakiwa mapya. Kioo cha jana ni sawa na ugali wa jana, utauona ni ugali, lakini usiniambie ulivyokuwa.

Kuna jambo la siki pia. Kuna ugonjwa wa paka unaojaza tumbo maji ya njano, mazito, yanayovutika. Mzee Mkude alikuwa anatia tone la siki kwenye glasi ya maji safi, kisha tone la yale maji ya paka juu yake. Likiyeyuka, ugonjwa ule si wa kuudhania sana. Likining'inia kama uzi wa utelezi, mashaka yanakua. Daktari Neema alipoanza kazi alikuta chupa yangu ya siki maabara akasema, "Bibi, kachumbari inaliwa jikoni." Nikamwonyesha tone. Akalitazama mpaka lilipofika chini ya glasi. Tangu siku hiyo akawa ananinunulia siki mwenyewe.

Basi ikaja mashine, Mzee Mkude akiwa ameshaondoka kazini.

Walioileta walikuwa wawili, mmoja fundi kijana anaitwa Deo. Ukubwa wa mashine kama friji dogo la soda. Ina sindano inayoshuka, inanyonya maji kidogo, inanguruma, halafu jibu linatoka kwenye karatasi kabla chai haijapoa. Damu inahesabu, na maji ya kifua na tumbo inahesabu, ukiibonyeza mahali pake.

"Bibi Kunde, sasa pumzika," Deo akaniambia. "Hii kitu inahesabu maelfu wakati wewe bado unapanga vikombe."

"Inazijua mbaazi?"

"Inajua kila kitu."

"Anayejua kila kitu hajapata kupita Kariakoo."

Wakacheka. Lakini mimi nilitaka kujua kweli. Nikachukua maji ya mbwa mmoja, nikayapima kwa mashine mara tatu, nikayahesabu kwa jicho langu mara tatu. Za mashine zilitoka karibu sawa zote. Zangu zilitofautiana kila mara, na mara ya tatu nilikuwa nasinzia. Hilo liliniuma, lakini ndivyo lilivyo. Kwa wingi wa seli, mashine ilinishinda, na mtu asiwadanganye kwamba jicho la bibi ni bora kwa kila jambo.

Ila mashine ina vikombe viwili tu kwa maji hayo. Zenye kiini kilichokatika inatia huku, zenye kiini kizima inatia kule. Kunde, mbaazi, njugu mawe zilizovimba, na hata saratani ikiwamo, zote zinaingia kikombe kimoja. Na haina dengu. Hapo ndipo Daktari Neema alipoweka sharti: mashine ihesabu, lakini kila maji yapakwe kioo kimoja, na mtu akitazame. Sharti zuri. Tulilishika miezi. Kisha kazi ikazidi, wanyama wakawa wengi, tukaanza kusema kioo kitapakwa kama karatasi ya mashine inatia shaka. Hakuna aliyesema sharti limefutwa. Lilichakaa tu, kama kitambaa cha kufutia meza.

Halafu mashine ikakabwa. Mtu alitia maji yenye mgando, sindano ikaziba, tukakaa wiki nzima bila mashine. Deo akaja, akafungua, akatoa uzi wa mgando akauning'iniza mbele ya uso wangu. Haukuwa wangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Bibi, hii mashine haili mgando. Ukiona mgando, usitie."

Alisema usitie. Hakusema utoe mgando kisha utie maji yaliyobaki. Hilo la pili nililiongeza mwenyewe.

Siku ya paka ilikuwa siku ya mvua. Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama. Mimi nakaa Magomeni, na kutoka Magomeni kwenda Kariakoo Jangwani ipo katikati. Nikazungukia Kigogo, kipande kwa gari, kipande kwa miguu, viatu mkononi. Nilifika nimelowa mpaka kwenye mifupa, na magoti yanapiga kelele yenyewe. Mbele ya mlango nikamkuta Bi Shufaa amekaa na kikapu mapajani.

Bi Shufaa ni mtu wa asili ya Arabuni, familia yao ina duka la viungo mtaa wa pili, naye anakaa ghorofani juu ya duka. Mumewe amefariki, watoto wake wapo Maskati. Tunajuana tangu wanetu wakisoma chuo kimoja cha Kurani. Kwenye kikapu alikuwamo Zafarani, paka wake wa rangi ya manjano, ambaye huzungumza naye kuliko anavyozungumza na watu. Wiki moja kabla Zafarani alikuwa amepigana na paka wa mtaani.

"Mwanaidi, huyu hajala tangu juzi," akaniambia. "Anahema tu."

"Ataonwa."

"Nimekuja kwako, sikuja kwa mashine."

"Mashine ni kama mimi, ila haichoki," nikamjibu. Nilikuwa nataka kukaa.

Daktari Neema alikuwa na mbwa mezani aliyegongwa na bodaboda, damu imeenea. Alimwacha dakika chache kwa msaidizi, akamchoma Zafarani kifuani, akavuta maji, akanikabidhi bomba la sindano huku macho yapo kwa mbwa. Paka akapata nafuu ya kuhema.

"Tyubu za zambarau zimeisha Bibi, mzigo umekwama na mvua. Tia kwenye nyekundu, lakini ikimbize, isigande."

Nilitia. Yale maji yalikuwa na ukungu, rangi ya togwa iliyochanganywa na maji. Hilo niliona kwa macho yangu. Nikafika kwenye mashine, umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikaanza kujiosha. Ikishaanza kujiosha huwezi kuiharakisha. Nikavuta stuli nikakaa. Ningeweza kupaka kioo wakati ule. Vioo vilikuwa kwenye droo, mkono ukinyooka unafika. Sikunyoosha mkono.

Nilipoinuka, kwenye tyubu mna mgando. Umekaa juu kama utando wa maziwa, wa rangi ya waridi hafifu. Chini yake maji yametulia, meupe kama ya dafu. Nikasikia sauti ya Deo, mashine haili mgando. Nikachukua kijiti, nikauengua ule mgando, ukatoka wote kwa mara moja, mzuri, haukukatika. Nikautupa kwenye ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu. Kisha nikatia maji yaliyobaki kwenye mashine, na tyubu nayo nikaitupa.

Karatasi ikasema seli chache.

"Rangi yake ilikuwaje?" Daktari Neema akauliza kutoka mezani kwake, mikono yote miwili imo kwenye mbwa.

"Safi," nikasema. Na kwa dakika ile yalikuwa safi.

"Basi huenda ni moyo. Tumpe dawa ya kupunguza maji, arudi keshokutwa tumpime vizuri."

Bi Shufaa akanishika mkono. "Mungu akulipe, Mwanaidi." Akafunika kikapu kwa ushungi wake, akashuka ngazi polepole ili asimtikise.

Jioni nilifika nyumbani. Mjukuu wangu Rehema alikuwa anachemsha maziwa ya chai. Nilikaa kwenye kigoda nimenyoosha miguu, namtazama tu. Maziwa yakapanda, akashusha moto, akachukua kijiko akaengua utando, akaugonga kwenye sinki.

"Umetupa nini?"

"Utando tu, Bibi."

"Na maziwa?"

"Yamebaki safi."

Mafuta ya maziwa yote yalikuwa kwenye kijiko kile. Anayetaka kujua ng'ombe alikula nini hatazami yaliyobaki sufuriani. Na mgando ni wavu. Unapojifunga unazoa kila seli inayoelea, askari wote, na kilichowaita. Mimi nilizoa vita nzima kwa kijiti, nikatupa kwenye ndoo, nikaipa mashine uwanja mtupu ihesabu.

Simu ilikuwa mkononi. Namba ya Daktari Neema ninayo, na ya Bi Shufaa ninayo. Ilikuwa baada ya magharibi, saa ambayo mtu hamsumbui mtu. Sasa sikilizeni niliyojiambia, maana na ninyi mtajiambia hayohayo. Nilijiambia kliniki imefungwa. Nilijiambia Jangwani haipitiki. Nilijiambia pengine mgando haukuwa na kitu. Na chini ya hayo yote palikuwa na jingine: nilikuwa nimebakiza miezi miwili nistaafu. Wenzangu walikuwa wameshaanza kunong'ona habari ya keki na khanga. Mimi ndiye niliyewagombeza wote kwa tyubu na vioo. Nikawaona wakisema, Bibi Kunde sasa kazeeka.

Nikaiweka simu kwenye chaja.

Asubuhi niliondoka kabla ya chai. Nilimkuta Daktari Neema anafungua mlango. Alianza na shikamoo yake, nikamkatiza.

"Daktari, jibu la jana la paka silo."

Akasimama na ufunguo mkononi. "Mashine imetudanganya?"

Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi, wanangu. Ningeitikia tu ndiyo. Deo angekuja, angefungua, angesafisha, angesema umeme wa kukatikakatika, na pasingekuwa na mtu wa kubisha. Mashine haijitetei.

"Mashine ilihesabu ilichopewa," nikamwambia. "Yaliganda, nikauengua mgando nikatupa, nikaipa maji yaliyobaki. Kioo sikupaka. Rangi ya kwanza ilikuwa ya togwa, sikukwambia."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alichukua begi lake, tukaenda kwa miguu mtaa wa pili, tukapanda ngazi za Bi Shufaa. Zafarani alikuwa amelala kwenye kigae karibu na mlango, shingo ameinyoosha, mdomo wazi. Paka akihema kwa mdomo, asiwaambie mtu kwamba kuna muda.

Tulimrudisha kliniki. Mzigo wa tyubu ulikuwa umefika. Maji yalivutwa upya, mara hii mazito na yananuka, yakaingia kwenye zambarau, nikageuza taratibu. Kioo nilipaka palepale. Choroko tupu, zimejaa toka ukingo hadi ukingo, na ndani yake vijidudu kama punje za ufuta. Usaha wa kifuani. Meno ya yule paka wa mtaani yalikuwa yameviingiza vile vijidudu ndani. Mashine ikatoa namba kubwa mpaka Daktari akataka tuyazimue tupime tena. Ilikuwa sahihi. Hata jana yake ilikuwa sahihi kwa ilichopewa.

Wakamwekea mpira kifuani wa kutolea usaha, wakamwanzishia dawa za kuua vijidudu. Bi Shufaa alikuja kila siku na mchuzi wa samaki kwenye kibakuli. Siku ya pili Zafarani alilamba kidogo. Siku ya tatu, asubuhi, alikufa.

Nilimwuliza Daktari Neema tukiwa peke yetu. "Kama tungemwanzishia dawa jioni ile?"

Alikuwa ananawa mikono. "Sijui, Bibi."

Ni mtu mkweli, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa. Angesema ndiyo, ningelia nikamaliza. Angesema hapana, ningelala. Ile sijui ninayo mpaka leo, inakaa nami kwenye kigoda.

Bi Shufaa alikuja kumchukua, na kikapu kilekile. Nilimweleza mwenyewe, sikumwachia Daktari. Nilimweleza mgando, kijiti, ndoo. Alisikiliza huku anakunja kitambaa cha kumfunikia, anakikunjua, anakikunja tena.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jioni ileile. Kabla ya isha."

"Na namba yangu unayo."

"Ninayo."

Akafunika kikapu. "Basi," akasema.

Sijasikia neno jingine kutoka kwake kuhusu jambo lile. Nikipita dukani nikatoa salamu, ananijibu, kwa sababu salamu ni haki ya mtu. Zaidi ya hapo hana. Kikombe cha kahawa alichokuwa ananiwekea miaka yote hakipo, na mimi sikiulizi.

Keki walinikatia, khanga wakanipa, maneno mazuri yakasemwa. Walipoomba nizungumze niliwaeleza habari ya mgando, wageni wakatazamana, Pazi akashusha sahani yake. Hawakujua wapige makofi au wasipige. Daktari Neema alisimama akaenda kubandika upya lile sharti ukutani: kila maji, kioo kimoja. Likichakaa, mtalibandika tena. Ndivyo masharti yalivyo.

Ninyi mtapewa mashine bora kuliko ile. Ziheshimuni, zinahesabu vizuri. Lakini mashine haioni kilichobaki mkononi mwako kabla hujaipa, wala haina simu ya kumpigia mtu jioni. Hayo mawili yamebaki ya kwenu. Maji yakiganda, yameshajibu: andika yameganda, omba mengine. Usiengue.

Kalamu inaniponyoka sasa. Rehema kaniita mara mbili, chai ipo tayari. Hapa nyumbani wanadhani Bibi anapenda utando wa maziwa, maana mezani pangu kila siku pana kisahani chake. Siupendi, unanikaba. Jioni ya siku ile Bi Shufaa alipomchukua Zafarani niliwakusanya wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia mara moja tu: "Katika nyumba hii utando hautupwi, utakaa kwenye kisahani mpaka niuone mimi. Na aliyekosea aseme kabla hajaweka simu kwenye chaja."